Kilicho Ndani ya Gunia la Ng'ombe

Mahindi yakiingia kinuni Karatina kukobolewa na kusagwa, hutoka yakiwa yamegawanyika. Unga mweupe, ambao ni wanga karibu mtupu, huenda jikoni kwa ugali. Ganda na kiini huenda zizini. Kiini ni takriban asilimia 11 tu ya uzani wa punje, lakini ndicho kilichobeba zaidi ya robo tatu ya mafuta yake na sehemu kubwa ya madini. Tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji wa unga wa pakiti wauongezee madini ya chuma, zinki na vitamini. Kwa hiyo ng'ombe wa Othaya anakula kiini kama kilivyoumbwa, naye mwenye ng'ombe anauziwa unga uliorudishiwa kiwandani baadhi ya kile ulichopokonywa. Ng'ombe hana la kulalamikia hapo.

Anayelalamika ni mfugaji, na kilio chake ni bei. Katika ufugaji wa maziwa chakula ndicho gharama inayozishinda zote, na katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Kerugoya hadi Embu, Meru na Nanyuki, sehemu kubwa ya chakula hicho haioti tena shambani kwa mfugaji. Historia yake ni fupi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliowafungulia wakulima Waafrika wa nyanda za juu mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi kwa wingi. Kuanzia 1980, mradi wa kitaifa wa maziwa uliosaidiwa na Uholanzi ulieneza ufugaji wa bandani: ng'ombe akae pale pale, nyasi za nepia zikatwe zimfuate. Kisha mashamba yakagawanywa kwa watoto na kwa wajukuu, nepia ikaingiwa na ugonjwa wa fugwe jeusi, na ekari iliyomlisha ng'ombe mmoja ikawa robo ekari yenye nyumba tatu. Pengo lililobaki likazibwa na mabaki: mabua, pumba, mashudu, machicha, majani ya kabichi kutoka sokoni.

Mabaki haya hulinganishwa kwa jina na kwa bei ya gunia. Jirani akisema machicha yameongeza maziwa, wiki inayofuata kijiji kizima kinatafuta lori la machicha. Hesabu inayofaa kufanywa ni nyingine. Maji yakitolewa, chakula chenyewe kinabaki kilo ngapi? Katika kilo hizo, protini na nguvu ni kiasi gani? Na mnyama huyu hasa, awe ng'ombe, kuku au nguruwe, ataweza kutumia kiasi gani? Ukifanya hesabu hiyo, vyakula kadhaa vinavyoitwa ghali vinageuka rahisi, na vingine vya bure vinageuka kuwa hasara.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo huuzwa zaidi bila muuzaji kuonekana mwizi. Ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kinachobaki maji yakishaondolewa, ambacho wataalamu hukiita mada kavu. Shina la mgomba, linalokatwakatwa kila kiangazi kuanzia Mukurweini hadi Chuka, lina mada kavu ya asilimia sita hivi. Angetegemea migomba peke yake, ng'ombe huyo angehitaji kilo 200 kwa siku, na tumbo lake halina nafasi hiyo. Mgomba humsaidia mnyama kwa maji na chumvichumvi wakati mto umekauka. Kuuhesabu kuwa mlo ni kujidanganya.

Machicha, mabaki ya shayiri iliyokwisha kupikwa kwenye kiwanda cha pombe, ni habari tofauti. Yakikaushwa, robo yake au karibu na hapo ni protini, na ni protini nzuri, kwa sababu sehemu yake hupita tumbo la kwanza bila kuvunjwa na kumfikia ng'ombe mwenyewe. Tatizo ni kwamba yanauzwa mabichi, yakiwa maji kwa asilimia 75 hadi 80. Chukua bei za mfano tu: gunia la kilo 50 la machicha kwa shilingi 500 lina takriban kilo 11 za mada kavu, na ndani yake kilo 2.75 za protini, kwa hiyo kila kilo ya protini inamgharimu mnunuzi shilingi 182. Mfuko wa kilo 70 wa chakula cha dukani wenye protini ya asilimia 16, ukiuzwa shilingi 3,000, unatoa protini kwa shilingi 268 kwa kilo. Machicha yameshinda. Sasa yapandishe lori kutoka Nairobi hadi Kieni, gunia lifike kwa shilingi 750, na ushindi umekwisha. Yakikaa siku chache bila kufunikwa vizuri huanza kuvunda, na hapo hasara huwa mara mbili.

Mfano mzuri kuliko yote wa biashara ya maji ulipita Kenya ya kati miaka ya 2010. Shayiri iliyooteshwa kwenye trei bila udongo ilitangazwa kuwa suluhisho la uhaba wa mashamba: weka kilo moja ya mbegu, baada ya siku saba vuna kilo sita au saba za zulia la kijani. Macho hayakudanganya, maana kilo zilikuwa kweli saba. Ila mbegu inapoota huchoma wanga wake yenyewe ili iishi. Mada kavu iliyovunwa mara nyingi ilikuwa sawa na ile iliyopandwa au pungufu yake, na kilichoongezeka kilikuwa maji ya mfereji. Vitamini ziliongezeka, ndiyo, lakini ng'ombe hukosa nguvu na protini kabla ya kukosa vitamini za shayiri changa. Waliouza trei walipata faida ya hakika kuliko walionunua.

Baada ya maji kuna swali la tumbo. Kuku, nguruwe na mtu hawawezi kuishi kwa mabua. Ng'ombe anaweza, kwa sababu tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi na kujijenga, kisha ng'ombe huvimeng'enya vijidudu vyenyewe. Lakini vijidudu navyo hula. Chakula chote kikishuka chini ya protini ya asilimia saba hivi, hudhoofika, mabua hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe huacha kula akiwa na njaa. Mabua ya mahindi yaliyokauka yana asilimia nne hadi sita. Majani ya mpunga yana takriban nne. Ndiyo maana ng'ombe anayepewa mabua pekee hukonda mbele ya hori lililojaa, na mfugaji akadhani mnyama ana minyoo.

Mabua ya maharagwe ni bora kuliko ya mahindi, na hili halijulikani vya kutosha katika eneo ambalo mazao hayo mawili hupandwa pamoja karibu kila msimu. Watu wengi wakishapura maharagwe huyaacha maganda yanyeshewe uani au huyachoma. Mahindi yenyewe, kama mfugaji yuko tayari kusahau ugali, huwa na thamani kubwa zaidi yakikatwa mazima punje zikiwa zimeanza kuwa ngumu na kushindiliwa kuwa sileji. Hapo bua halijawa mti na wanga wa punje umo ndani. Kusubiri mahindi yakauke kisha kumpa ng'ombe bua ni kumpa boriti baada ya kula nyumba.

Kule Mwea, Kirinyaga, uwanda wa mpunga ulioanza kuchimbiwa mifereji miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, mabaki yanayotoka ni ya aina tatu, na kuyachanganya ni kosa la fedha. Majani makavu yanafungwa marobota na kupelekwa juu mlimani. Pumba laini inayotoka mchele ukisuguliwa ina protini ya asilimia 12 hadi 14 na mafuta mengi, kwa hiyo ni chakula chenye nguvu, ingawa mafuta hayo huchacha haraka na harufu ikibadilika ng'ombe huikataa. Kapi, lile ganda gumu la nje, ni kama tano moja ya uzani wa mpunga na limejaa silika, madini yale yale ya mchanga, na halina la kumpa mnyama. Vinu vidogo vinavyokoboa na kusugua kwa mkupuo mmoja hutoa kapi na pumba vikiwa vimesagwa pamoja. Anayenunua gunia hilo kwa bei ya pumba amenunua matandiko ya kuku.

Majani makavu yanaweza kuboreshwa. Njia iliyothibitishwa tangu zamani ni yurea: kilo nne za mbolea hiyo huyeyushwa majini, zinanyunyiziwa kilo 100 za majani, kisha yanafungwa kabisa kwa nailoni. Amonia inayotoka hulegeza nyuzi na kuongeza nitrojeni, na protini inayopimwa yaweza kuongezeka mara mbili. Vitabu husema wiki tatu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa nchi zenye joto. Kwenye baridi ya Julai huko Tetu au Naro Moru mfugaji aongeze wiki kadhaa. Na yurea si ya ndama wadogo, nguruwe wala kuku. Hata kwa ng'ombe mkubwa, ikimwagwa ovyo bila kipimo huua kabla daktari wa mifugo hajawasha pikipiki.

Yurea hiyo hiyo inaeleza jinsi namba ya protini kwenye mfuko inavyoweza kusema uongo bila maabara kukosea. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Yurea ina nitrojeni ya asilimia 46, kwa hiyo kwa kipimo hicho ina "protini" ya asilimia 287. Kijiko chake katika mfuko wa magunzi yaliyosagwa huleta matokeo ya kupendeza. Uchina ilipitia jambo hili kwa njia mbaya mno mwaka 2008, pale melamini, kemikali ya plastiki yenye nitrojeni nyingi, ilipotiwa kwenye maziwa yaliyozimuliwa ili yafaulu mtihani wa protini, na watoto wachanga wakaumwa figo. Kenya ina Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, na viwango vya KEBS, shirika la viwango la taifa, lakini mfugaji aliye dukani Mweiga hana kipimo mkononi. Ana macho, pua na mdomo. Dagaa waliosagwa akiwatafuna atausikia mchanga.

Mbegu za mafuta ndizo zinazobeba mzigo wa protini katika vyakula vyote vya dukani, na hapa mnyama anayelishwa ndiye hubadilisha bei. Mashudu ya soya yana protini ya asilimia 44 au zaidi, na aina ya protini hiyo humfaa kuku na nguruwe. Kenya huagiza sehemu kubwa ya soya yake kutoka Uganda, Zambia na Malawi, kwa hiyo kuinunua kwa ajili ya ng'ombe wa lita nane ni anasa. Kuku anaihitaji, ng'ombe ana vijidudu vya kumtengenezea. Soya mbichi, kwa upande mwingine, ina kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, na lazima ipate moto kabla ya kumfikia kuku au nguruwe. Maharagwe mabichi nayo hudhuru kuku kwa sumu yake ambayo huisha kwa kupikwa vizuri.

Mashudu ya pamba yana protini ya asilimia 30 hadi 40 na ng'ombe mkubwa huyapokea bila shida. Ndani yake mna gosipoli, sumu inayomwelemea nguruwe na ambayo hugeuza kiini cha yai kuwa na rangi ya kijani kichafu. Alizeti haina sumu hiyo. Udhaifu wake ni maganda. Ikikamuliwa na ganda lake, kama mashine nyingi ndogo zinavyofanya, mashudu huwa na protini ya asilimia 20 hadi 28 na nyuzinyuzi nyingi mno kwa kuku, lakini kwa ng'ombe wa Nyeri ndiyo pengine biashara bora kuliko zote sokoni, hasa ikitoka nyanda za chini za Tharaka au Embu ambako alizeti inaota.

Pumba ya ngano, inayotoka katika vinu vikubwa na inayopendwa sana na wafugaji, ina protini ya asilimia 16 hadi 17. Kasoro yake haionekani kwa macho: ina fosforasi nyingi mno na kalisi karibu hakuna. Kuku wa mayai akizidishiwa pumba bila chokaa hutaga mayai yenye ganda laini. Ng'ombe anayekamuliwa sana hupungukiwa na kalisi, na jiwe la magadi analolamba haliwezi kumrudishia, maana magadi ni sodiamu.

Kisha kuna hatari ambayo haimwishii mnyama. Katika nyumba nyingi za Kenya, mahindi yenye ukungu hutengwa kwa mkono, na yaliyotengwa humwendea ng'ombe. Ukungu huo ndio hutoa aflatoksini, inayojulikana pia kama sumukuvu, ile ile iliyoua watu 125 mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Ng'ombe hustahimili kiasi ambacho kingemuumiza mtu, kisha humrudishia mtu huyo sehemu yake kwa njia ya maziwa: asilimia moja hadi tatu ya sumu aliyokula, na zaidi ya hapo kwa ng'ombe wa maziwa mengi. Kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa, Umoja wa Ulaya umeweka sehemu moja ya kumi ya hiyo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hii, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti siku chache baadaye. Mahindi mabovu yanayotoka ghalani kwenda zizini hayapiti mpaka wowote, kwa hiyo hayamhusu afisa wa forodha. Mashudu ya pamba na alizeti yaliyohifadhiwa unyevunyevu nayo hubeba sumu hiyo hiyo, na chai ya mtoto ni maziwa nusu.

Mabaki mengine ya mlima yanahitaji tahadhari ya haraka. Majani ya parachichi, zao lililoenea kuanzia Murang'a hadi Meru, yana sumu iitwayo pasini, ambayo hukausha maziwa ya mbuzi, huvimbisha kiwele na yaweza kudhuru moyo. Sungura na ndege hawaiwezi kabisa. Makadamia yaliyovunjika yasipewe mbwa. Viazi vilivyogeuka kijani vina solanini. Mbolea ya kuku, ambayo wapo wanaompa ng'ombe kwa sababu kipimo cha protini kinaisifu, inaweza kuleta botulizimu, na Ulaya imeikataza. Maganda ya kahawa yanayorundikana nje ya viwanda vya vyama vya ushirika vya Mathira na Tetu kila mwisho wa mwaka huwashawishi wengi, maana ni karibu nusu ya uzani wa buni iliyovunwa na yana protini ya asilimia kumi hivi. Kafeini na tanini zilizomo humfanya ng'ombe ayakatae au apoteze uzito yakizidi kidogo tu katika mlo. Yafaa zaidi kurudi shambani kama mboji.

Hadi hapa protini yote imetoka nje ya shamba. Iliyo ndani haitangazwi. Marando ya viazi vitamu yana protini ya asilimia 15 hadi 20 katika mada kavu, na ndama huyapenda. Kaliandra, mti kutoka Amerika ya Kati uliojaribiwa na kusambazwa Embu na watafiti wa taasisi za KARI, KEFRI na ICRAF miaka ya 1990, ulionyesha katika mashamba ya wakulima wenyewe kwamba kilo tatu za majani yake mabichi hufanya kazi ya kilo moja ya chakula cha dukani. Miti 500, inayoenea kwenye kingo za matuta na kando ya ua bila kuiba nafasi ya mahindi, humtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa, ambao chama chao cha kitaifa kilianzia katika eneo hili miaka hiyo hiyo, waliichukua haraka zaidi kuliko wa ng'ombe.

Kwa nini basi kaliandra haikulifukuza gunia? Sababu ya kwanza ni mikono. Kilo sita za majani, badala ya kilo mbili za mfuko, lazima zikatwe na mtu kila siku, na vijana wako kwenye pikipiki Nyeri mjini. Sababu ya pili inasemwa kidogo zaidi, lakini ndiyo nzito: mkopo. Vyama na kampuni za wafugaji katika eneo hili huwapa wanachama chakula cha mfuko na kukata deni kwenye malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi. Utaratibu huo umewaokoa wengi siku za ukame. Umewafanya pia wanunue kilicho kwenye ghala la chama, kwa bei ya siku hiyo, bila kulinganisha na kitu kingine, kwa sababu hakuna anayekopesha miche wala mashudu.

Hata mfuko huo mara nyingi hutumika vibaya. Mazoea ni kilo mbili kwa siku, kuanzia ng'ombe anapozaa hadi anapokaushwa. Mwili wa ng'ombe hauendi kwa mazoea hayo: wiki 12 za kwanza ndizo anazoweza kupanda hadi kilele, na kilele hicho huamua maziwa ya miezi yote inayofuata. Magunia yale yale, yakiwekwa kwa wingi mwanzoni na kupunguzwa polepole mwishoni ambapo nepia na marando yangetosha, huleta maziwa zaidi bila shilingi moja ya ziada. Ugumu ni kwamba mwanzoni ndipo mfugaji hana fedha, maana ng'ombe alikuwa amekauka na hakuna malipo yaliyoingia kwa miezi miwili. Chama kinachokata deni kila mwisho wa mwezi kingeweza kusogeza makato hayo hadi mwezi wa nne baada ya ng'ombe kuzaa. Rekodi za maziwa kinazo, na tarehe ya kuzaa inasomeka ndani yake kila lita zinapoanza upya.